Kukauka, kuanika, kunyauka: tofauti ni ipi?

Swali: Mahindi yaliyotandazwa juani, niseme nimeyaanika au nimeyakausha?

Jibu: Umeyaanika. Kuanika ni kutandaza au kutundika juani au penye upepo. Hakusemi kama unyevu umekwisha. Kukausha ni kuumaliza, hata kwa moto, moshi au kitambaa. Ndiyo maana "nimeyaanika tangu asubuhi, bado hayajakauka" ni sahihi kabisa. Kinyume cha kuanika ni kuanua: mvua ikitanda, anua upesi.

Jibu: Na kunyauka tuiachie mimea. Majani hulegea na kusinyaa. Ukiwahi kumwagilia, mche huweza kupona. Mti uliokauka ndio basi. Nguo hainyauki.

Jibu: Angalieni ngeli ya -kavu: mti mkavu, kisima kikavu, mahindi makavu, lakini nguo kavu.