Sword Art Online ni mbovu, najua. Lakini Kirito na Asuna je?

MtaniWaUsiku:
Wakuu, nimerudia Sword Art Online, ile anime (katuni ya Kijapani), msimu wa kwanza ule wa 2012, sehemu zote 25, safari hii nikiwa na akili za utu uzima. Nakiri inavuja kila kona. Watu 10,000 wamefungiwa ndani ya gemu, ukifa humo umekufa kweli, halafu miezi inarukwa kama kurasa zilizochanwa. Mwisho wa mapambano steringi, Kirito, uhai umeisha kabisa, mwili umeshapukutika, bado anasimama na kuchoma upanga. Nusu ya pili sitaki hata kuitaja. Ila ile nyumba ya mbao ghorofa ya 22 ya ulimwengu wa gemu, Kirito na Asuna wameoana humo humo, wanaishi tu, wanatembea msituni, wanasinzia mchana... pale nasamehe yote. Kuna jamaa kaniambia mtu anayesamehe hadithi mbovu kwa sababu ya wapenzi wawili hajui kitu kizuri. Nyie mnasemaje?

FundiSaa:
Jamaa yako yuko sahihi. Asuna ni makamu kiongozi wa kikosi kinachoogopwa gemu zima, ana upanga hauonekani ukipita, halafu nusu ya pili wanamtia tunduni kama kasuku asubiri kuokolewa. Mwandishi aliyempenda mhusika wake hawezi kumfanyia hivyo. Na hayo mapenzi mnayoyasifia, tuseme ukweli: mwanamume yeyote akipikiwa mchuzi wa sungura ataita mapenzi.

Bi_Kachumbari:
Mchuzi wa sungura? Yaani katika yote uliyoyaona umeng'ang'ania sufuria?

FundiSaa:
Dada, sehemu ya 8. Kirito kapata sungura adimu, Asuna ndiye fundi wa mapishi, wakaenda nyumbani kwa Asuna, mchuzi ukaivishwa. Sehemu inayofuata kaja na mikate aliyoijaza nyama mwenyewe. Niambie Kirito alipika nini.

Bi_Kachumbari:
Sehemu ya 2, wanakutana mara ya kwanza, Asuna anatafuna mkate mkavu peke yake. Nani alimpa krimu ya kupaka? Wa kwanza kumlisha mwenzake ni Kirito. Halafu huyo unayemwita mpishi alikaa mwaka mzima anachambua viungo vya gemu kimoja kimoja mpaka akatengeneza sosi ya soya pale ambapo haikuwepo. Huo ni utafiti. Mngekuwa mnampikia mtu hata chai mngejua.

FundiSaa:
Mimi napika kila Jumapili, usinijue vibaya.

Bi_Kachumbari:
Kila Jumapili! Siku sita zilizobaki anapika malaika?

KibandaUmiza:
Watu wazima na mvi zenu mnagombana kwa ajili ya katuni. Enzi zetu kibanda umiza tulikuwa tunalipa kuona watu wa nyama na damu wakipigana.

MtaniWaUsiku:
Na steringi wenu alikuwa anapigwa risasi kumi haanguki. Kaa pembeni, mzee.

ShomboLaPwani:
Asalaam aleikum jamani. Mimi swali langu ni dogo. Mnasema wale wameoana. Ndoa gani hiyo? Mmoja katuma ombi, mwingine kabonyeza kukubali, basi. Walii yuko wapi? Mahari iko wapi? Hata ubani haukuchomwa!

Bi_Kachumbari:
Waaleikum salaam. Mahari si alimlinda?

ShomboLaPwani:
Anayelindwa pale ni Kirito. Yule Kuradeel, mwenzake Asuna kikosini, kamtilia sumu ya kupooza, Kirito kalala chini kama gunia, Asuna ndiye aliyetokea mbio akamtandika yule shetani mpaka akaomba msamaha. Kwa hesabu yangu mume ndiye anayedaiwa mahari.

MtaniWaUsiku:
Na ziwani je? Kirito anavua, samaki mkubwa kama nyumba katoka majini, anawakimbiza wavuvi nchi kavu. Asuna kachomoa upanga, kammaliza peke yake mbele ya kijiji. Hiyo ndiyo ninayosema: wanabadilishana zamu. Mmoja akichoka mwenzake anasimama.

FundiSaa:
Kwa hiyo mnakubali nusu ya pili imemharibu. Nashukuru.

Bi_Kachumbari:
Nusu ya pili imeniudhi kuliko wewe, hasa yule Oberon aliyemfungia. Lakini hata tunduni hakukaa kitako. Alichungulia namba za mlango kwenye kioo, akazikariri, akatoka mwenyewe. Walipomrudisha alikuwa amekwapua kadi ya kuendeshea mitambo, na ndiyo aliyomdondoshea Kirito chini. Bila kadi hiyo Kirito angekuwa bado anapapasa lile lango la kumfikia. Ulikuwa unaangalia au unachezea simu?

FundiSaa:
Hasira za nini? Au nyumbani hupikiwi?

Bi_Kachumbari:
Mambo ya nyumbani kwangu yaache. Umeishiwa hoja, sema umeishiwa.

PunjeYaMchele:
Jamani mashimo ya muda yana sababu. Reki Kawahara aliandika hadithi ya kwanza kwa ajili ya shindano la 2002, ikazidi kurasa, akaiweka mtandaoni, kitabu kikaja 2009. Kitabu cha kwanza, ukiacha mwanzo wake, kinashughulika zaidi na kipindi cha ghorofa za 74 na 75. Wachezaji kama Silica na Lisbeth ni wa hadithi za pembeni, anime ikazipanga kwa tarehe. Ndiyo maana unaona Asuna anapotea halafu anarudi ghafla ana upole. Mwandishi mwenyewe baadaye kaanza upya toka ghorofa ya kwanza, filamu yake ya 2021 imesimuliwa upande wa Asuna.

MtaniWaUsiku:
Asante, angalau mmoja kajibu swali.

ShomboLaPwani:
Tumerukia vitabu, la ndoa halijaisha. Katika gemu lile mkioana mali zote zinaingia mfuko mmoja, na mmoja akifa aliyebaki anabeba vyote. Mkumbuke yule Grimlock, sehemu ya 5 na 6. Kafanya njama mkewe auawe, na pete adimu aliyokuwa nayo mke ikamfuata yeye. Mirathi hiyo ni haramu tupu! Muuaji harithi!

PunjeYaMchele:
Pete haikuwa shida yake. Alisema mwenyewe: nje ya gemu mke alikuwa mtiifu, ndani ya gemu akawa kiongozi jasiri, yeye akabaki anatetemeka. Akaona bora mke afe akiwa bado yule wa zamani.

Bi_Kachumbari:
Umesikia FundiSaa? Hiyo hadithi mbovu imemweka mwanamume wa namna hiyo sehemu mbili kabla ya sungura wako. Asuna aliyasikia yote kwa masikio yake, halafu bado akakubali kuolewa.

FundiSaa:
Sasa mimi nimekuwa muuaji? Kwa sababu ya mchuzi?

ShomboLaPwani:
Hujajibu kuhusu mirathi.

KibandaUmiza:
Huyo mwenye pete ni sehemu ya ngapi mmesema?

PunjeYaMchele:
Ya 5 na 6, mzee. Anza ya 1 lakini.

KibandaUmiza:
Nimeuliza tu.

MtaniWaUsiku:
Nimeuliza kama ni halali kuipenda, nimeletewa mahari, jiko na mirathi. Haya, naenda kuangalia ya 13.

Bi_Kachumbari:
Na FundiSaa leo Jumapili. Umepika nini?

FundiSaa:
Wali na maharage. Yameungua kidogo.