Mdogo wangu "kapata msamaha" lakini hatoki, naomba mnifafanulie

Mwandiga Kwetu: Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu alihukumiwa hapa Kigoma 10/6/2024, makosa mawili: miaka 3 na miaka 2. Kabla ya hapo alisota mahabusu miezi 8. Juzi nilienda kumuona, nikaonyeshwa kumbukumbu zake. Kuna 9/6/2027, chini yake 9/6/2026, na neno "msamaha". Nikampigia mama palepale getini. Kuku kachinjwa, majirani wamekuja. Kesho yake naulizia, naambiwa hatoki. Sasa naona aibu hata kurudi nyumbani.

Bwana Jela Mstaafu: Pole, ndugu. Neno hilo limewaliza wengi. Huo si msamaha wa Rais, ule unaotangazwa siku kama 9 Desemba au 26 Aprili. Huo ni msamaha wa theluthi: mfungwa anapunguziwa theluthi moja ya kifungo akiwa na nidhamu. Miaka 3 ni miezi 36, toa 12, inabaki 24. Ndiyo hiyo 2026. Akifanya utovu wa nidhamu anaweza kunyang'anywa siku, tarehe ikasogea kuelekea 2027. Mwambie atulie.

Ujiji Mjini: Mbona 3 na 2 haikuwa 5?

Bwana Jela Mstaafu: Bila shaka hakimu alisema adhabu ziende sambamba, kwa hiyo ile ndefu inaimeza fupi. Angesema zifuatane, hapo ni 5.

Mwandiga Kwetu: Na ile miezi 8 imeenda bure?

Mama Wakili: Kwa kawaida kifungo huanza siku ya hukumu. Muda wa mahabusu hakimu huutazama anapopanga adhabu, kwa hiyo chukua nakala ya hukumu usome kama aliugusa. Asipougusa, hiyo ni hoja ya rufaa. Ila notisi ya nia ya kukata rufaa ni ndani ya siku 10 na rufaa siku 45, na kwenu zimeshapita. Itabidi aombe kwanza kuongezewa muda, na ombi anaweza kulipitishia kwa mkuu wa gereza. Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, msahau, inaanzia vifungo vya miaka 4.

Mwandiga Kwetu: Ahsante dada. Jumapili naenda tena, nimbebee ugali na migebuka kama zamani?

Bwana Jela Mstaafu: Zamani alikuwa mahabusu, analetewa chakula cha nyumbani. Sasa ni mfungwa. Migebuka mle na mama.