Samaki wangu wawili aina ya oska wanahema juu juu, shida ni tangi la lita 60 au maji?

mzee_wa_oska
Wakuu habari za asubuhi, naombeni msaada wa haraka maana usiku sijalala vizuri. Nina oska wawili, niliwanunua miezi sita iliyopita wakiwa hata kidole gumba hawafiki, saa hizi mkubwa nikimpima kwa rula nje ya kioo anagonga sentimita 17 na mwenzie 14 hivi. Tangi langu ni sentimita 60 kwa 30, kimo 35. Aliyeniuzia alisema haina shida, samaki anakua kulingana na tangi, likiwa dogo na yeye anabaki mdogo. Sasa tangu juzi wamepanda juu, midomo imegusa uso wa maji, mashavu yanafunguka haraka haraka, mkubwa kawa mweusi kama mkaa na kula hataki. Cha ajabu maji ni maangavu kabisa, unaona hadi ukuta wa nyuma! Jumapili nilifanya usafi wa nguvu, nikamwaga maji yote, nikasugua mawe, sponji la filta nikalifikicha bombani mpaka likarudi rangi yake ya dukani, nikajaza maji mapya. Nawalisha dagaa wabichi na minofu mara tatu kwa siku. Fundi kanitajia laki sita tangi la futi nne, kabla sijazitoa nataka nijue kama ndo dawa yenyewe.

pampu_mbovu
Mkuu usisubiri wengine wajibu, toa nusu ya maji saa hii hii, weka yaliyolala kwenye ndoo wazi tangu jana, kama huna tia ile dawa ya kuondoa klorini wanayouza maduka ya samaki. Pampu ya hewa fungulia mpaka mwisho. Chakula acha siku tatu, oska wa saizi hiyo hafi njaa hata wiki.

Ulichofanya Jumapili ni kuua bakteria. Samaki anatoa amonia, hiyo ni sumu kwake, nyingi inatokea kwenye hayo hayo mashavu, na dagaa akibaki chini akaoza anaongeza. Sasa kwenye sponji kuna bakteria wanaigeuza amonia kuwa naitraiti, af wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti, hiyo ya mwisho ndo afadhali kidogo na unaipunguza kwa kubadili maji kila wiki. Ule utelezi wa kahawia uliofurahi kuuona unaondoka ndo nyumba yao, na maji ya bomba yana klorini, kazi ya klorini ni kuua vijidudu, haiulizi huyu ni wa kipindupindu au wa filta. Mpaka warudi wote ni wiki nne hadi sita, muda wote huo utabadili maji karibu kila siku, pole.

Amonia haina rangi. Mi niliua oska wa miaka mitatu hivyo hivyo, nilifua filta Jumamosi sababu tulikuwa na wageni wa kipaimara, Jumatano namkuta kalala ubavu kwenye maji unayoweza kusomea gazeti. Siku hizi sponji nalikamua mara mbili tatu ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, linabaki na uchafu wake, basi.

binti_wa_ujiji
Kaka hapo juu kasema kweli ila tangi nalo msilisamehe. Hiyo ya samaki kukua kulingana na tangi niliambiwa na mimi. Samaki anadumaa kwa sababu maji yamejaa uchafu wake mwenyewe. Mtoto akidumaa kwa utapiamlo utasema kajipima na ukubwa wa chumba? Oska mzima anafika sentimita 30 na kupita, tangi lako upana wake ni 30, huyo mtu atageukaje?

Piga hesabu, 60 mara 30 mara 35 ni lita 63, toa mawe na nafasi ya juu unabaki na 50 na kitu. Oska mmoja mpe lita 280 hivi, wawili 400 na zaidi. Hilo la futi nne likiwa 120 kwa 45 kwa 50 ni lita 270, kwa hiyo laki sita yako inamtosha mmoja. Na lita moja ni kilo moja, hizo ni kilo 270 bila kioo wala mawe, usije ukaweka juu ya kabati la tivii.

Halafu maji ya kwako ni ya bomba tu au na kisima? Pima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji. Mimi nafuga frontosa, samaki wa hapa hapa ziwa Tanganyika, na ziwa letu pH inapita 8.5, hao wamezoea, ila pH ya juu kukiwa na amonia ni hatari maana pH ikitoka 7 kwenda 8 amonia ile ile ukali wake unapanda karibu mara kumi. Vile vikaratasi vya kupimia vingi havina amonia, tafuta kipimo cha matone.

fundi_vioo_tz
Mkuu huyo fundi wako muulize silikoni gani anatumia, ya bafuni ina dawa ya ukungu, inaua samaki. Mi mwenyewe natengeneza matangi ila nakwambia ukweli, hela ikiwa ngumu chukua simtank la lita 500, kata juu, weka barazani kwenye kivuli, tia pampu na sponji kubwa. Utamwona kwa juu tu lakini atakua.

mzee_wa_oska
Nimerudi wakuu. Jana nimetoa nusu, leo asubuhi nusu tena. Dada wa Ujiji, kipimo cha matone nimeazima, kwenye amonia matone yaligeuka kijani kabisa kabla sijatoa maji, yaani ilikuwa nyingi, pH 7.8. Mkubwa ameshuka chini na ile rangi ya machungwa ubavuni imeanza kurudi, mdogo bado yupo juu kona ya pampu ila nikisogea anageuka kunitazama. Dagaa nimewapa paka.

Shemeji yenu simtank barazani kakubali, kwa sharti nisikate la kwake la maji ya kunywa. Fundi, nikate kwa msumeno wa mbao au kuna kingine, na ile kingo unailainishaje isije ikawachuna?

fundi_vioo_tz
Grainda ndogo. Kingo piga msasa, kisha pasua mpira wa maji kwa urefu uuvalishe kuzunguka. Na weka wavu juu, oska anaruka.