Nilimsahihisha mama mzee mbele ya watu, sasa nikisoma Neno sisikii kitu

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi huongoza funzo la Biblia kwenye ushirika wa nyumbani hapa Kayole, Nairobi, kila Alhamisi. Mwaka huu nimejisomea sana, hadi Kigiriki nakifuata kwa programu ya simu.

Wiki tatu zilizopita mama mmoja mwenye kibanda cha mboga alisimama kushuhudia. Biblia yake ameivalisha gazeti, na ukurasa wa Yeremia 29 umelegea kwa kufunguliwa. Akasoma mstari wa 11, "mawazo ya amani wala si ya mabaya", akasema ndio unaomshikilia tangu kijana wake akose kazi. Kabla hajaketi nikamwambia ahadi ile si yake, waliandikiwa Wayahudi waliohamishiwa Babeli, na mstari wa 10 unataja miaka 70. Akasema, "Sawa, mwalimu." Akakunja miwani, akaketi. Hajarudi.

Kinachonitesa ni kwamba sikusema uongo. Ila tangu siku hiyo nikifungua Neno naona sarufi na tarehe tu. Hata Zaburi naisoma nikitafuta wapi mhubiri fulani alikosea. Niache hivi vitabu? Niache kuongoza?

Mzee wa Umoja
Kijana wangu, historia uliianza vizuri, hukuimaliza. Soma sura ya 28. Nabii wa uongo Hanania alikuwa amewatangazia watu kwamba miaka 2 haitaisha kabla mambo hayajarudi sawa. Yeremia akawaandikia walio Babeli: jengeni nyumba, pandeni bustani, maana mtakaa huko. Ahadi ya mstari wa 11 walipewa watu wa kungoja muda mrefu. Sasa niambie, katika sebule ile nani alifanana nao? Wewe, au mama anayeamka usiku kwenda soko la Marikiti na mwanawe amekaa nyumbani? Pengine yeye ndiye aliyeuelewa mstari.

Mama Ushirika
Mwanangu, usiache kuongoza kwa sasa, lakini nenda kwake. Apolo alikuwa hodari katika maandiko, na bado kulikuwa na mambo hajayajua. Priskila na Akila walimsikia akinena katika sinagogi. Hawakumkata maneno pale. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26). Wewe ulikuwa na usahihi, ukakosa ile "kwao".

Mwanafunzi wa theolojia, Githurai
Umeuliza kama uache vitabu; mimi nasema usiviache. Mjini hapa watu wanatumiwa mstari mmoja uliokatwa na kuambiwa watume pesa kwa simu ili wabarikiwe. Muktadha ndio unaowakinga. Petro mwenyewe alikiri kwamba katika nyaraka za Paulo yamo mambo magumu kuelewa, na kwamba kuna wanaoyapotoa (2 Petro 3:16). Ila mtazame yule towashi Mwethiopia. Alisimamia hazina yote ya malkia, ana kitabu cha Isaya mkononi, na Filipo alipomuuliza kama anaelewa, alijibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Akampandisha garini aketi naye. Mtu wa cheo chake! Wewe mara ya mwisho ulimwuliza nani swali ukiwa hulijui jibu?

Aliyeanzisha uzi
Swali hilo la mwisho lilininyima usingizi. Sikupata mtu hata mmoja.

Jana jioni nilienda kibandani. Alikuwa anakata sukuma wiki, akanisogezea kreti nikae. Niliomba msamaha, nikamwambia nilimkatiza na sikumsikiliza. Hakusema mengi. Alipangusa mikono kwa leso, akaitoa Biblia chini ya meza, akaniuliza: "Hiyo miaka 70, mwalimu, wale wazee walioipokea barua, wengi wao si walifia kule? Basi waliposoma 'tumaini', lilikuwa la nani, lao wenyewe au la wajukuu?"

Sikuwa na jibu. Nimemwomba Alhamisi aanze yeye na swali hilo, amekubali. Nami nimeanza tena Yeremia 29 toka mstari wa kwanza, polepole, bila simu.