Ameinua simu yake mbele ya jopo akaniuliza, "Utafiti uko wapi hapo?"

Wakuu, habari za jioni. Ninaandika haya nikiwa bado ndani ya daladala, jasho la kikao halijanikauka, na mtanisamehe nikilirudia jambo moja mara kumi, kwa sababu ndilo lililonikwama kooni.

Leo nilikuwa nawasilisha pendekezo langu la utafiti wa uzamili kuhusu usalama wa vifaa vidogo vinavyotumia mtandao wa simu, kazi ya miezi kumi na minne. Yule bwana alikuwepo. Sina haja ya kumtaja; yeyote aliyewahi kupanda ngazi zile na andiko mkononi anamjua, anaijua kalamu yake nyekundu, na anakijua kikohozi anachokohoa kabla ya kummaliza mtu. Sijafika slaidi ya nne, akainua mkono, akatoa simu mfukoni, akachora mchoro wake wa kufungulia mbele ya watu wote, akaifunga tena, akailaza mezani kioo kikiwa juu, kisha akasema: "Simu yangu hii imefungwa. Nina mchoro, nina namba ya siri. Utafiti uko wapi hapo?" Jopo zima likacheka. Kicheko kile nina hakika kilivuka maji mpaka Kigamboni bila kusubiri pantoni.

Utafiti uko wapi hapo! Anasema hivyo mtu anayelipwa kufundisha vijana mawasiliano ya simu!

Utafiti wangu hauhusu simu yake. Unahusu vihisi vya joto vinavyowekwa kwenye majokofu ya chanjo katika zahanati za vijijini. Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na nyingine zikipata joto kwa muda mrefu huharibika bila kubadilika rangi wala harufu, hivyo muuguzi hawezi kujua kwa kutazama tu. Nilikwenda Kilwa kwa nauli yangu. Kihisi nilichokikuta kina ukubwa wa kiberiti, kimefungwa kwa utepe mweusi ndani ya jokofu, na waya wa antena umepitishwa dirishani kwa sababu mtandao unashika upande wa mwembe tu. Hakina kioo. Hakina kitufe. Hakuna mtu anayekaa mbele yake. Mwaka 1991 Mark Weiser wa maabara ya Xerox PARC aliandika kuhusu kompyuta zitakazojichanganya na maisha ya kila siku mpaka watu waache kuziona, na kijisanduku hiki chini ya mwembe wa Kilwa ndicho alichokuwa akikisema. Sasa kitu kisicho na kioo wala mtu wa kukishika, utakifungaje kwa mchoro wa kidole?

Tazameni kazi iliyopo. Mtandao ukikatika alfajiri ukarudi alasiri, kihisi kinapaswa kuvitunza vipimo na kuvituma baadaye, na anayevipokea mjini anapaswa kuwa na hakika kwamba "nyuzi 4" iliyomfikia ni ya jokofu lile, ya saa ile, wala haikutumwa na mtu mwingine huku chanjo ikiungua. Vihisi vingi vya bei nafuu hutumia 2G, kizazi cha zamani cha mtandao wa simu, ambako mnara huihoji laini ijitambulishe lakini laini haiuhoji mnara, kwa hiyo mwenye mnara bandia hupokelewa kama mwenye nyumba. Kasoro hiyo ilirekebishwa katika kizazi kilichofuata, 3G, lakini vifaa vya 2G bado viko kazini. Ukiongeza usimbaji, yaani kuugeuza ujumbe usisomeke bila ufunguo, na mahojiano marefu ya kutambuana, redio inabaki macho kwa muda mrefu zaidi, na redio ndiyo inayoimaliza betri. Frank Stajano na Ross Anderson wa Chuo Kikuu cha Cambridge walilieleza hili mwaka 1999: adui hahitaji kuvunja siri yoyote, anakinyima kifaa usingizi kwa kukiuliza maswali mfululizo mpaka betri ife. Katika andiko hilohilo walitumia mfano wa kifaranga cha bata, ambacho kikitoka kwenye yai humfuata wa kwanza kumwona kama mama yake. Kifaa nacho kimtii wa kwanza kukipa ufunguo, mpaka siku kitakapofutwa na kuzaliwa upya. Muuguzi aliyekizindua kihisi cha Kilwa amehamishwa. Je, mama wa kifaranga sasa ni nani? Hilo lilikuwa kwenye slaidi ya tano, na sikuifikia, kwa sababu mtu aliinua simu yake akauliza utafiti uko wapi hapo.

Na kuna kilichoniuma kuliko vyote. Simu yake ilipolala pale mezani, taa ya dari iliupiga ubavu wa kioo, na mimi niliyesimama karibu niliuona mchoro wake wote. Mafuta ya kidole yalikuwa yameacha njia inayong'aa, inashuka kutoka pembe ya juu kushoto, inafika chini, inakata kwenda kulia, herufi L kamili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walilichapisha jambo hilihili mwaka 2010: katika jaribio lao moja la taa na kamera, mchoro ulisomeka wote katika asilimia 68 ya mipangilio waliyoijaribu, na sehemu yake katika asilimia 92. Utafiti ulikuwa umelala mezani mbele yake, unang'aa, naye anauliza uko wapi.

Bibi Antena
Pole sana, mdogo wangu. Kikohozi hicho nakijua, mimi kilinipata mwaka juzi. Nilieleza kwamba vihisi vya mwendo ndani ya simu vilikuwa vikisomwa na programu yoyote bila kuomba ruhusa, na kwamba mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na kampuni ya Rafael walionyesha jinsi jairoskopu, kihisi kinachojua simu inavyogeuzwa, inavyonasa mitetemo ya sauti kiasi cha kutambua baadhi ya maneno yaliyosemwa karibu yake. Alinitazama kama ninayemsimulia habari za popobawa, akasema simu haisikii kama haijapigwa. Nilibadilisha mada siku ileile, na mpaka leo najuta.

Kamanda wa Bando
Mleta uzi, msema kweli mpenzi wa Mungu. Uliulizwa swali ambalo hata mpwa wangu wa darasa la saba angeliuliza, ukabaki unatazama mafuta ya kidole. Swali lilikuwa baya, lakini jibu lako lilikuwa wapi? Miezi kumi na minne umeshinda na majokofu, na huna sentensi moja ya kujitetea.

Mleta uzi
Kamanda, sikunyamaza. Nilimwambia, "Dokta, kihisi hakina kioo." Akanijibu, "Basi kiwekee kioo." Watu wakacheka tena. Nikiwekee kioo kijisanduku kinachoishi kwa betri mbili ndogo ndani ya jokofu lililofungwa! Nani atasimama humo kwenye baridi achore herufi L kila baada ya dakika kumi na tano?

Kamanda wa Bando
Kioo umekataa, sawa. Lakini ungemjibu hivi: mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera za ulinzi na ruta majumbani mwa watu, na vifaa hivyo vyote vilikuwa na neno la siri. Lilikuwa lilelile la kiwandani, wenyewe hawakulibadilisha, na wengine hawakujua kama linabadilishika. Mirai ilibeba orodha fupi tu ya majina na maneno ya siri, ikayajaribu kifaa baada ya kifaa. Tarehe 21 Oktoba jeshi la vifaa hivyo lilipoielemea Dyn, kampuni iliyokuwa ikizielekeza kompyuta zipate anwani za tovuti, watu wengi Marekani hawakuweza kufungua Twitter wala Netflix. Neno la siri lilikuwepo. Hapo ndipo utafiti ulipo. Ungeyasema hayo ukakaa chini, nani angecheka?

Nyota Reli
Ninyi mna majokofu na kamera, sisi tunaoshughulika na menyu ya nyota na reli atatusemea nani? Huduma za pesa za simu zimekuwepo tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007, na mamilioni ya watu bado wanaandika namba ya siri kwenye kiswaswadu kupitia menyu ambayo haikubuniwa kubeba siri kutoka kwa mteja hadi kwa mpokeaji wa mwisho. Ulinzi wa njia ya hewani unaishia mnarani. Mama yangu mdogo alikuwa mtunza fedha wa kikoba. Laini yake ilikufa saa mbili usiku, akadhani ni mtandao, akalala. Asubuhi laini ilikuwa imeshahamishiwa kwenye kadi nyingine na akiba ya akina mama kumi na wanane haipo. Nchi hii tulitoa alama za vidole, na laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa tarehe 20 Januari 2020, lakini ya mama mdogo ilisajiliwa kwa kidole chake na bado ilihama. Nimeomba takwimu za uhamishaji wa laini ili nitafute dalili za mapema, nimeandika barua tano, na sijapata hata jibu la kunikatalia. Mleta uzi amechekwa mara moja, sisi hata wa kutucheka hatujampata.

Msomaji wa Usiku
Nyota Reli, pole kwa mama mdogo. Ungepata takwimu ungekutana na ukuta wangu. Ninatafiti mahali watu wanapokwenda kwa kutumia kumbukumbu za minara ya simu, na kamati ya maadili iliniambia nifute majina halafu niendelee. Nilipeleka utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliotumia kumbukumbu za miezi kumi na mitano za watu milioni 1.5, ambao ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu hao. Nyumbani, kazini, msikitini na kwa mchumba, basi umeshajulikana. Nafuta majina, lakini njia za miguu yao nazifutaje na ndizo ninazozitafiti? Barua imerudi na maneno mawili yaliyopigiwa mstari: "futa majina".

Fundi Ohmu
Mnagombania usalama wakati msingi wenyewe haupo. Satyanarayanan wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon aliandika mwaka 1996 kwamba kifaa cha kubebeka ni maskini wa uwezo kikilinganishwa na kilichokaa mahali, kiko kwenye hatari zaidi, mtandao wake haubaki vilevile, na nishati yake ina kikomo. Lipi kati ya hayo mmelipima? Mleta uzi, unasema redio inamaliza betri, umepima kwa kifaa gani? Ukitegemea asilimia inayoonyeshwa na programu, hujapima kitu. Nimeona simu ikionyesha asilimia thelathini na dakika nne baadaye imezima. Unatakiwa ukate waya, uweke kipimo cha mkondo katikati, uone redio inavyoruka inapoamka na inavyochelewa kulala hata baada ya ujumbe kuondoka. Maabara yetu ina kipimo kimoja cha namna hiyo, kimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo yuko likizo tangu Mei.

Bibi Antena
Fundi, hata akirudi hutakipata. Kilikuwa na nyaya mbili za kushikia, moja ilikatika mikononi mwa mwanafunzi wangu, na fomu ya kuomba nyingine bado inazunguka.

Nyota Reli
Jamani, mnazungumzia nyaya, kikoba cha mama mdogo je?

Fundi Ohmu
Bibi Antena, asante kwa taarifa, kumbe nilikuwa nasubiri kipimo kibovu miezi yote hii. Kuna mwenye kipimo kinachosoma chini ya miliampea moja, tuazimane kwa siku mbili? Nina kihisi kinacholala vibaya na sijui kinaamshwa na nini.

Kamanda wa Bando
Ninacho changu, nilikinunua Kariakoo na nimekilinganisha na kizuri, kinakubali. Njoo Jumamosi saa nne asubuhi, lakini uje na nyaya zako.