Naomba ushauri: Linux Mint kando ya Windows 7

Wadau, niko Kisumu. Kompyuta yetu ya nyumbani bado ina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Januari 2020, na watoto wanaingia nayo intaneti kila jioni. Nina hofu kweli. Lakini siwezi kuifuta: mke wangu ni mweka hazina wa chama, na programu yake ya hesabu iko humo.

Jana niliwasha Linux Mint, mfumo endeshi ninaotaka kuuweka kando ya Windows, kwa flashi, ikaenda vizuri, hata Wi-Fi ikashika. Kufika kwenye kugawa diski nikakwama. Tayari ina sehemu nne za msingi, na MBR, mpangilio wa zamani wa kugawa diski inaoutumia, hairuhusu ya tano. Mojawapo ya sehemu hizo, D, ina picha za marehemu baba, sijazinakili popote.

Nikishazinakili, niifute D? Au ninunue diski ya pili, kila mfumo ukae kwake?