MREJESHO: Homa ya mzee haikuwa taifodi

Wakuu, mwezi uliopita niliomba ushauri kuhusu baba yangu: homa za jioni, jasho usiku, mgongo na viungo kuuma. Kila zahanati walimpima Widal (kipimo cha damu cha taifodi) wakasema taifodi. Alimaliza dozi 3 huku anazidi kukonda.

Tulienda hospitali ya mkoa kama mlivyoshauri. Daktari alianza na maswali kabla ya vipimo. Mzee anafuga? Anakunywa maziwa mabichi? Kuna ng'ombe aliyetupa mimba karibuni? Yote ndiyo, na mzee mwenyewe ndiye alimhudumia ng'ombe huyo kwa mikono mitupu. Damu ikapimwa: brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, hata kupitia maziwa mabichi. Miezi 4 yote hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya kazi gani! Inaniuma mpaka leo.

Kumbe Widal inaangalia kingamwili tu (kinga ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu), na hizo zinaweza kubaki mwilini hata kama taifodi iliisha zamani. Uhakika zaidi ni kuotesha damu maabara kuona kama bakteria wenyewe wamo.

Sasa anatumia antibiotiki mbili, doksisaiklini na rifampisini, kwa wiki 6. Tuko wiki ya 3, homa imekata, juzi aliomba aongezewe ugali. Mgongo bado unamsumbua. Maziwa sasa tunachemsha. Asanteni sana, Mungu awabariki.